Kiingereza Hakina BAKITA

Kazi yangu ni kusafisha Kiingereza cha watu. Nina stationari mjini Dodoma, si mbali na Jamatini, na kibao cha nje kinasema tunatoa kopi, tunaprinti, tunabaindi na tunapiga picha za paspoti. Kuhariri hakumo kwenye kibao, lakini ndiko kunakolipa kodi ya fremu. Wanafunzi wa vyuo wanaleta tasnifu kwenye flashi, asasi zinaleta ripoti za wafadhili, na zikitangazwa ajira serikalini hata chai nainywa nimesimama. Kabla ya hapa nilifundisha Kiingereza sekondari. Kwa hiyo watu wananiamini, na wakinikuta nimeshika kalamu nyekundu wanadhani lugha yenyewe ni ya kwangu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: hii ni sahihi au si sahihi? Hawaniulizi makosa ya wazi. Mtu akiandika “he go” hatubishani, narekebisha tunaendelea. Ubishi uko kwenye vitu vinavyohama. Jana neno lilitumika hivi, leo watu wanalitumia vile, mwalimu huyu anakubali na yule anakata maksi.

Kesi iliyonikalisha chini nifikiri ilikuwa ya kijana aliyeandika kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Kwenye sura ya mapendekezo alikuwa na sentensi hii: “Each farmer should keep their receipts.” Msimamizi wake aliizungushia “their” duara la wino, pembeni akaandika neno moja tu, “grammar”, na alama ya mshangao. Kijana alikuja amenuna. “Dada, hii nimeiona mpaka kwenye vitabu vya Wazungu wenyewe. Kosa liko wapi?”

Asubuhi hiyo Mwalimu alikuwepo. Mwalimu ni mzee mstaafu, alisomea ualimu Mpwapwa, na karibu kila siku hupita kusoma gazeti bila kununua na kukosoa matangazo ninayobandika ukutani. Hakusubiri kuulizwa.

“Each ni mmoja,” alisema, gazeti bado liko usoni. “Farmer ni mmoja. Their ni ya wengi. Wengi hao wametoka wapi? Andika his, mambo yaishe.”

“Babu, lakini wengi niliowahoji ni akina mama.”

“His inawabeba wote.”

Kabla sijaeleza nilichojibu, niseme kwamba kwetu shida ya kiwakilishi hiki ina ladha yake. Kiswahili hakimuulizi mtu kama ni mke au mume: “anakuja” inatosha kwa baba, mama, shangazi na ng’ombe. Kigogo na Kirangi ni hivyo hivyo. (Wasandawe wa Chemba wana habari yao nyingine, lugha yao hutenganisha mke na mume, ila sijawahi kuhariri tasnifu ya Kisandawe.) Ndiyo maana mtu mwenye shahada mbili anaweza kusimama kwenye semina akasema “my mother, he told me” na asisikie ajabu yoyote, na wenzake nao wasisikie. Tumechapwa viboko shuleni kwa sababu ya “he” na “she”. Kwa hiyo Mtanzania akikutana na “they” ya mtu mmoja, moyoni anasikia nafuu: hatimaye Kiingereza kimempa neno linalofanya kazi kama la nyumbani. Nadhani ndiyo sababu vijana wanaipenda haraka kuliko kanuni nyingine zozote nilizowahi kuwafundisha.

Nikamgeukia Mwalimu. “Ulipoingia nilikusalimiaje?”

“Shikamoo.”

“Na baada ya shikamoo?”

“Mmeamkaje.”

“Ulikuwa umeongozana na nani?”

Akashusha gazeti, akacheka. “Hiyo ulikuwa unawauliza na wa nyumbani kwangu.” Jibu zuri, nalikubali, ingawa anaishi peke yake tangu mwanawe wa mwisho aolewe Singida.

Tukaingia kwenye historia, maana Mwalimu ukimletea hoja bila tarehe anaona unamletea porojo. “They” yenyewe haikuwa ya Waingereza. Waliiletewa na watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini mwa Uingereza, ikashuka kidogo kidogo kuelekea kusini. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika “they” kama kiima, lakini kwenye nafasi ya “them” na “their” bado alitumia maneno ya zamani, “hem” na “hir”. Yaani lugha ilihama nusu, nusu nyingine ikafuata baadaye, na hakuna aliyeitisha kikao. Na “they” kutumika kwa mtu mmoja asiyetajwa si jambo la vijana wa simu: mfano wa kale ulioorodheshwa kwenye kamusi kubwa ya Oxford ni wa mwaka 1375.

Kisha kuna “you”. Hii ilikuwa ya wingi. Umoja ulikuwa “thou”. Watu wakaanza kumwambia mkubwa mmoja “you” kwa heshima, heshima ikazidi kusambaa mpaka “thou” ikakosa wa kuambiwa. Katikati ya mabadiliko hayo, kuna waliokuwa wanasema “you was” wakimaanisha mtu mmoja, jambo ambalo ukilitazama lina mantiki kabisa. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, akalikemea kwenye kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Tukabaki na “you are” kwa mmoja na kwa elfu. Msimamizi yule aliyezungusha duara angetaka “each” na wingi visikutane kamwe, lakini kila akimwambia mwanafunzi wake mmoja “you are late” anatumia kitenzi cha wingi kwa mtu mmoja, na hakuna anayemkata.

Kanuni ya kuikataa “their” ya umoja nayo ina mahali ilikotokea. Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia York, aliiweka kati ya makosa ya kusahihishwa kwenye sarufi yake ya mwaka 1795, na vitabu vyake vilisomwa mashuleni kwa vizazi. Halafu mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba ndani ya sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa na wanawake ndani yake. Hapa Mwalimu akapiga meza. “Unaona? Sheria! Hata yetu, Sura ya 1, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, inasema hivyo hivyo.”

“Inasema,” nikamjibu. “Lakini kama ‘his’ ingekuwa inawabeba wanawake yenyewe, kulikuwa na haja gani ya kuitungia sheria?”

Alinyamaza, si kwa kushindwa. Mwalimu akinyamaza anatafuta pa kuingilia. Akaingia na hili: “Kwa hiyo kosa likikaa miaka mia sita linakuwa haki?”

Nikamuuliza wingi wa kitabu. Vitabu, bila shaka. Lakini neno lilitoka Kiarabu, kitab, na ile “ki” ilikuwa sehemu ya mzizi, haikuwa kiambishi chetu hata kidogo. Waswahili wa kale walisikia “ki”, wakaitolea “vi”, na leo mtu akitaka kurudisha wingi wa Kiarabu, kutub, atapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hata juzijuzi tumefanya tena: madereva walisoma kibao cha “keep left” kwenye mzunguko wa barabara, tukapata kipilefti, na viwili ni vipilefti. Waingereza wana yao. Njegere zamani ziliitwa “pease”, neno la umoja. Watu wakasikia “s” ya mwisho wakadhani ni wingi, wakaikata, wakapata “pea”. Kosa tupu la masikio, na leo ndilo neno sahihi kwenye kila kopo la njegere dukani.

Kijana wa zabibu muda wote huu alikuwa anaangalia saa. Hakuja kusikiliza habari za Chaucer, alikuwa na tarehe ya kukusanya. Nikamprintia ukurasa wa mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, maana ndio chuo chao kinaoutaka: toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019, linakubali waziwazi “they” ya mtu mmoja. Mwaka huohuo kamusi ya Merriam-Webster ililifanya “they” kuwa neno lake la mwaka, na miaka miwili kabla mwongozo wa waandishi wa habari wa Associated Press ulikuwa umeshalegeza kamba. Akaenda na karatasi yake kifua mbele.

Alirudi jioni. Msimamizi aliisoma yote, akamrudishia, akamwambia: “APA haisaini. Ninayesaini ni mimi.”

Tukaandika “Farmers should keep their receipts.” Haikuchukua hata dakika. Kuna watu wanaona huo ni woga, nami siuoni hivyo. Sentensi ya wingi ni fupi, haimuudhi mtu yeyote, na mkulima wa Mpunguzi haki yake iko palepale. Mhariri akiweza kuukwepa ubishi bila kupoteza maana, aukwepe. Kijana alikuwa anataka joho, hakuwa anataka kubadilisha Kiingereza cha dunia.

Ila aliponilipa akaniachia swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. “Dada, wewe umetetea ‘their’ kwa sababu watu wanaitumia. Sawa. Mbona ukurasa wa kumi umenikatia ‘equipments’? Mbona umenifutia ‘about’ kwenye ‘discuss about’? Chuo kizima tunaandika hivyo. Na sisi si watu?”

Swali zito. Mtu anaweza kumjibu haraka kwamba “equipment” haihesabiki, ndiyo kanuni, basi. Lakini nimeshamwambia kwamba kanuni zinahama. “Discuss about” haikutoka hewani: Kiingereza kinasema “talk about”, kinasema “a discussion about”, kwa hiyo mwenye kuongeza “about” kwenye “discuss” amefuata mfano aliouona. Utaisikia Nairobi, utaisikia Lagos, utaisikia Delhi. Nchi za miji hiyo zina wazungumzaji wa Kiingereza wengi kuliko wakazi wote wa Uingereza. Mabadiliko ya London yanaitwa maendeleo ya lugha, ya kwetu yanaitwa Kiingereza kibovu. Kuna dhuluma hapo na sioni sababu ya kuificha. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford ilitoa fungu la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo nyama choma na githeri, na tulishangilia. Lakini jina la chakula halimtishi mtu. Tukigusa umoja na wingi, au kihusishi baada ya kitenzi, hapo tunaambiwa turudi darasani.

Pamoja na yote hayo, “about” naendelea kuikata. Mtunga kamusi ni kama karani wa soko la mahindi pale Kibaigwa: anaandika magunia yaliyofika, halimi yeye. Sasa mimi ninachotazama ni kama gunia limeshafika au bado liko njiani. Fungua tovuti ya BBC au gazeti la The Guardian, “they” ya mtu mmoja imejaa, imepita kwa wahariri wanaolipwa kuikataa na hawakuikataa. “Discuss about” utaitafuta mpaka uchoke. Hata magazeti yetu ya Kiingereza hapa nchini, yenye wahariri Watanzania, huifuta. Siku wahariri hao watakapoiacha ipite bila kuiona, nami nitaiacha, sitasubiri kibali cha mtu. Jambo la pili ni kama neno linaleta kitu ambacho lugha haikuwa nacho. “Their” ya mkulima asiyejulikana jinsia inaziba pengo la kweli. “About” ile haizibi kitu. Haidhuru pia, lakini mwanafunzi anayelipia kuhaririwa halipii kutodhuru tu.

Na tatu, ambalo kwangu ndilo la kwanza: nani atasoma? Waingereza hawana chombo cha kuwaamulia. Wafaransa walianzisha Académie française mwaka 1635. Mwandishi Jonathan Swift alipendekeza mwaka 1712 Uingereza nayo iwe na kitu cha namna hiyo, pendekezo likafa. Sisi tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, na kabla yake kulikuwa na ile kamati ya Kiswahili ya 1930 iliyosimamia Kiswahili sanifu kwa nchi zote za hapa. Kwa hiyo mtu akiniambia “Kiingereza kinakataza hivi”, namuuliza kimekataza kwa mdomo wa nani. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, msahihishaji. Kwenye tasnifu, mwenye kusaini. Kwenye ripoti, mwenye hela. Wote hao wana haki ya kudai wanachotaka kwenye karatasi yao. Hawana haki ya kusema ndicho Kiingereza.

Mwalimu hakubali hata robo ya haya. Yeye ni mkali kotekote, na ukali wake wa Kiswahili ndio unaonitia mashaka na msimamo wangu. Tangazo langu la “masaa 24” alilibandua kwa mkono wake, akaandika “saa 24” kwa makapeni. “Mapungufu” anataka iwe “upungufu”. Ukisema “mvua ilipelekea mafuriko” atakuuliza ilipelekea nini, kwa nani. Mimi kwenye Kiingereza ni mpole, lakini nikisoma gazeti limeandika “wahanga wa mafuriko” nasikia kuwashwa. Mhanga ni anayejitoa. Waliosombewa nyumba zao hawakujitoa, wameathirika. Mwalimu aliniona nikilikata neno hilo kwenye tangazo la msaada la kanisa moja, akasema kwa furaha isiyofichika: “Aha! Na miaka mia sita je?” Nikamwambia wahanga bado hawajafikisha miaka mia sita. Hoja dhaifu, tukacheka, na neno nililikata vilevile.

Nadhani tofauti ni kwamba Kiswahili ninakiishi, na mtu hukasirikia zaidi fujo ya sebuleni kwake. Kiingereza nimekipangisha.

Tangu kesi ya zabibu nina utaratibu wa rangi mbili, na wateja wa kudumu wameshauzoea. Kalamu nyekundu ni kwa kitu ambacho hakuna msomaji wa Kiingereza popote atakayekikubali: “he go”, “childrens”, “she” kwa baba. Penseli ni kwa kitu kinachotegemea msomaji, na pembeni naandika kwa Kiswahili nani anakipenda na nani hakipendi, mteja aamue. “Data is” au “data are”: penseli. Wanasayansi wengi bado wanataka “are” kwa sababu Kilatini kilikuwa na datum, watu wa kompyuta walishahama. “Less” kwa vitu vya kuhesabika: penseli, ingawa kanuni ya “fewer” ilianza kama mapendeleo ya mtu mmoja, Robert Baker, mwaka 1770. “Literally” kwa kitu ambacho hakikutokea: penseli, na mchoro mdogo wa uso uliokunja ndita, maana hiyo siipendi. Sentensi kuishia na kihusishi: siiwekei kitu chochote. Mwanafunzi akiletewa shida kwa hilo aje na msimamizi wake tuongee.

“Discuss about” na “equipments” bado ziko kwenye nyekundu. Kuna neno moja ambalo limeanza kunisumbua.

Kaka mmoja wa asasi ya maji vijijini aliniletea ripoti iliyojaa “staffs” kila ukurasa, akimaanisha wafanyakazi. Nikazikata zote kwa nyekundu. Akarudi nayo siku ya pili, hakukasirika, alitaka tu kujua. “Dada yangu, hapa mjini ni ofisi gani haina mlango ulioandikwa STAFFS ONLY? Na wote tunaelewa. Hata huyo Mwalimu wako anaelewa.” Mwalimu akasema anaelewa, na ndiyo maana anaumia.

Nikamuuliza ripoti inakwenda kwa nani.

“Edinburgh, kwa wafadhili.”

“Basi zikate.”

“Na ingekuwa inakwenda Mtumba, wizarani?”

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia ingekuwa inakwenda Mtumba ningeziwekea penseli, na bei ingekuwa ileile.